Kilo Sitini na Nane

Magomeni, Dar es Salaam
5 Februari 1984

Dada Ursula,

Shikamoo. Naandika nikiwa kwenye foleni ya unga, karatasi nimeilaza juu ya mgongo wa Bernadina, kwa hiyo usishangae mwandiko ukipinda. Huku tunaendelea. Baba Bernadina malaria ilimshika wiki mbili, lakini sasa anakula na amerudi kazini bandarini. Bernadina yuko darasa la pili na hajui hata neno moja la Kimbulu, jambo ambalo naomba usimwambie mama. Paskali anaendeleaje na shule? Ng'ombe mwekundu ameshazaa?

Dada, nimeandika kwa ajili ya macho ya mama. Nimepata nafasi kwa daktari wa hospitali kubwa. Nilimweleza hali yake, akasema huenda ni mtoto wa jicho, na kama ndivyo, hutolewa na mtu akaona tena. Atampokea mwisho wa Mei.

Shida ni kumfikisha huku. Baba Bernadina amezunguka mjini siku tatu akiulizia ndege iliyo nafuu. Ndege kubwa ya kutoka Kilimanjaro tumeiacha. Nauli yake ni mshahara wa miezi miwili, na ukishalipa bado hujui itaruka lini, maana mafuta hakuna. Jirani yetu alilala uwanjani siku mbili juu ya sanduku lake. Lakini ipo ndege ndogo ya misheni inayoleta dawa huko kwetu, Alhamisi ya pili na ya nne ya kila mwezi. Inatua hapo hapo Babati, kwenye kile kiwanja cha nyasi, halafu inarudi Dar karibu tupu. Padre anayeirusha huchukua abiria kwa bei ya kuwasaidia watu, na anapima kama posta wanavyopima vifurushi. Unalipa kwa kilo. Kiti kilichopo ni kimoja tu, na mtu na mzigo wake wasizidi kilo sabini.

Kwa hiyo naomba umpime mama unitumie uzito wake. Msalimie sana. Mwambie atapanda ndege.

Mdogo wako,
Fabiola


Bonga, Babati
2 Machi 1984

Mdogo wangu Fabiola,

Marahaba. Barua yako ilinikuta kwenye palizi, na jibu limechelewa kwa sababu posta hawakuwa na stempu. Mvua imenyesha vizuri. Ng'ombe mwekundu amezaa jike. Paskali ameandika kutoka shuleni anataka viatu, kana kwamba viatu viko mahali vinauzwa. Shemeji mpe pole ya malaria.

Barua nilimsomea mama, isipokuwa pale pa Kimbulu. Akataka niisome tena, kisha tena, na sasa kutoka hapa Bonga mpaka Bagara hakuna mtu ambaye hajaambiwa kwamba Fabiola anamleta mama yake kwa ndege. Nikimpa maji anauliza kama kwa Fabiola maji yanatoka. Nikimpa maziwa anauliza Fabiola anakunywa nini. Wakati wa Krismasi tulipata kipande kimoja cha sabuni dukani kwa Mzee Salum, kipande kimoja kwa kila nyumba, na mama akakificha chini ya mto. Nilidhani anakihifadhi tukitumie wote. Kumbe anakuwekea wewe.

Miaka sita nimemshika mkono mama huyu. Namwogesha, namtafunia nyama, namwambia leo mawingu yako upande gani. Tangu Baba Paskali afariki, katika nyumba hii nina mama tu. Wewe umeandika ukurasa mmoja, na jina lako ndilo linalotajwa asubuhi na jioni.

Sasa nisikilize. Mama haoni. Hawezi kwenda angani peke yake na Padre wa Kizungu asiyejua Kimbulu. Tutakuja kwa basi, mimi na yeye. Tutalala Arusha, siku ya pili tuko Dar. Ndege ya kiti kimoja siitaki, hata wakisema ni bure.

Dada yako,
Ursula


Magomeni
20 Machi 1984

Dada Ursula,

Shikamoo, na pole na palizi. Nimefurahi kusikia ng'ombe amezaa jike. Bernadina anataka kujua mmempa jina gani.

Basi umepanda lini mara ya mwisho? Wiki iliyopita basi la kutoka Arusha lilikwama njiani siku tatu kwa kukosa tairi, watu wakala mahindi mabichi ya shamba la mtu. Mama ana miaka sabini. Na huyo Padre unayemwogopa amekaa Mbulu miaka ishirini. Anajua Kimbulu kuliko mwanangu, ambaye siri yake umeamua kumficha bibi yake, nakushukuru.

Kama ni wivu, dada, sema wivu, usiniambie basi. Unahesabu miaka sita ya kumshika mkono. Mimi nahesabu miaka hiyo hiyo sita ya kutomshika. Ungejua ninavyokuonea gere ukisema tu umempa maji.

Anayeugua macho ni mama. Uzito wake unifikie kabla ya mwisho wa Aprili, la sivyo kiti anapewa mtu mwingine.

Fabiola


Bonga
11 Aprili 1984

Fabiola,

Tuko wazima. Nimempeleka mama kwenye ghala la mahindi, kwa Konstantini, yule mpimaji. Mizani imesema kilo sitini na nane. Mzigo haumo.

Ndama hana jina.

Wivu sina.

Ursula


Magomeni
3 Mei 1984

Dada Ursula,

Shikamoo. Huku wote wazima, ila sukari tumeisahau rangi yake.

Kilo sitini na nane! Nimeisoma namba hiyo mara nne nikidhani ni kalamu iliyoteleza. Mama niliyemwacha mimi alikuwa mwembamba, upepo wa ziwani ukivuma tulikuwa tunamtania ashike mlango. Mimi mwenyewe kwenye mizani ya kliniki nina arobaini na tisa. Basi nikawaona nyinyi wawili mmekaa mbele ya moto na kibuyu cha maziwa, mnanenepa, mnacheka, na mimi niko huku napigana viwiko kwa ajili ya kilo mbili za unga wa njano. Nililia, dada. Umefanya vizuri kumlisha mama, nakushukuru, na bado nililia. Nimeona wivu. Mimi nalitamka.

Kwa uzito huo nauli imepanda sana kuliko tulivyopanga. Baba Bernadina ameuza baiskeli. Sasa anakwenda bandarini kwa miguu, anasema ni dawa ya tumbo. Kilo zote sitini na nane zimelipwa. Mama awepo kiwanjani Alhamisi tarehe 24 Mei, saa tatu asubuhi. Kwa mzigo zinabaki kilo mbili za kujaza sabini, na hizo hatukuweza kuzilipia, kwa hiyo aje na nguo alizovaa.

Fabiola


Bonga
26 Mei 1984

Mdogo wangu Fabiola,

Natumaini mama amekufikia salama na kwamba sasa amekaa hapo karibu nawe. Hapa tuko wazima. Nimeandika "tuko" kwa mazoea. Niko mzima.

Nakueleza ya Alhamisi kabla hujayasikia kwa watu. Tulifika kiwanjani mapema, na watu wamejaa kama siku ya mnada. Kwanza ng'ombe walifukuzwa kwenye nyasi, halafu ndege ikatua. Padre akashusha mizani yake ndogo ya kusimamia, akamshika mama mkono, akamsalimia kwa Kimbulu safi, na mama akacheka kama msichana. Akampandisha. Mizani ikasema arobaini na mbili. Hiyo ni pamoja na maharage aliyojifunga kiunoni ndani ya kanga bila kuniambia, pamoja na ile sabuni.

Padre akatazama karatasi yake. Akamtazama mama. Kisha akanitazama mimi, kuanzia kitambaa cha kichwani mpaka miguuni, taratibu, kama mtu anayenunua ng'ombe. Nikasema mizani ya ghala ni mbovu. Konstantini alikuwepo, alikuja kuangalia ndege kama wengine, akakasirika mbele za watu wote. Alisema mizani yake imepima mahindi ya Babati nzima na haijawahi kukosea hata debe.

Padre hakuuliza zaidi. Alisema tu kwamba kilo zilizobaki zimeshalipiwa, kwa hiyo kama nina kitu cha kumpelekea mdogo wangu nikilete sasa hivi. Fabiola, sikuwa na kitu. Gunia la maharage lipo nyumbani, samli ipo, unga upo, na njaa yenu naijua. Nilikuja mikono mitupu kwa hasira. Padre akazipitisha dakika kumi akinisubiri niseme neno, halafu akaandika kitu kwenye daftari lake na kufunga mlango.

Mama hushika mkono wangu hata kwenda mlangoni kwetu. Siku hiyo aliuachia upesi sana.

Niandikie wamempasua lini.

Ursula


Magomeni
30 Juni 1984

Dada Ursula,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa kimya mwezi mzima. Nilikuwa hospitali kila siku, na nyumbani nilirudi kulala tu. Baba Bernadina ndiye aliyepika, ukiweza kuamini.

Mama anaona! Bandeji waliitoa tarehe 19. Aliangalia ukuta, akaangalia viganja vyake mbele na nyuma. Kisha akamshika Bernadina kidevu, akasema kwa Kimbulu kwamba pua hii ni ya marehemu baba yake yeye mama na imepotelea pwani. Bernadina hakuelewa, akacheka, na mama akajua siri yetu papo hapo. Sasa wanafundishana. Mama anajifunza kusema "foleni".

Nina jambo la kukwambia, na nilitaka kuliacha. Kila asubuhi akiamka ananiita Ursula. Nikimpelekea uji, "Ahsante, Ursula." Nikifanya ugali anasema wa Ursula una nguvu, huu wangu ni wa wagonjwa. Kila anayekuja kumwona anaulizwa kama anatokea Babati, na kama amemwona Ursula ameshiba. Nilidhani akija kwangu kwa ndege niliyomtafutia mimi, kwa baiskeli ya mume wangu, walau atanijua jina. Nimemwambia mama hivyo. Alinipapasa kichwa, akasema, "Ndiyo, Ursula."

Daktari anataka kumwona tena Agosti. Tarehe ya kurudi sijaipanga, ila kilo zake arobaini na mbili za kurudi tumeshazilipia kwa Padre. Ameniambia pia kwamba kwenye daftari lake kuna kilo ishirini na sita zangu ambazo hazikusafiri. Nimemwambia azitunze. Mizani ya Konstantini sikuulizi.

Maharage ya kiunoni tuliyala siku tatu. Mungu awabariki.

Fabiola


Bonga
22 Julai 1984

Mdogo wangu Fabiola,

Nimepokea barua yako na nimeisoma nikiwa zizini. Mungu ashukuriwe kwa macho ya mama. Nimelipia misa. Maharage tumeshayapura, na mwaka huu ni mengi. Paskali amefunga shule, alikaa wiki mbili, ameondoka tena kwenda kwa baba yake mdogo kuvuna. Nilidhani angekaa.

Nikienda kisimani naulizwa, "Mama yako anasemaje huko kwa Fabiola?" Nikienda kanisani, "Fabiola amemfanyia mama yake jambo kubwa." Wamenifanya mimi posta. Hakuna hata mmoja anayeuliza aliyebaki anasemaje. Nikichota uji nachota wa watu wawili, halafu namalizia kumpa mbwa.

Pale ulipoandika kwamba ananiita mimi, nimepasoma mpaka karatasi imelegea. Kumbe kwangu alikuwa akikutaja wewe, na kwako ananitaja mimi. Mimi nilifikiri ni wewe tu unayependwa. Nimefurahi kwa ubaya, Fabiola. Nimefurahi kwamba na wewe umeumia kidogo. Siwezi kukuficha.

Kwa kuwa nimeanza, niseme na lingine. Mizani ya Konstantini ni nzima. Mama hakuipanda. Nilimwacha ameegemea ukuta wa ghala, nikapanda mimi. Nilitaka namba iwe kubwa mkakataliwa, ili asiende kokote. Lakini si hilo tu. Nilipokuwa juu ya ile mizani nilifumba macho, nikajifanya ni mimi ninayepimwa kwa ajili ya safari, ni mimi mtu ametuma barua kuniita. Sijawahi kuvuka Arusha. Namba ilipotoka sikuona vibaya kuiandika. Baada ya mwezi mzima ndipo nikasoma kwamba shemeji ameuza baiskeli. Aliyeiuza ni mimi. Mwambie hivyo hivyo.

Sasa unajua. Agosti hiyo inakaribia. Mrudishe mama, hata kama umenichukia.

Ursula


Magomeni
14 Agosti 1984

Dada Ursula,

Shikamoo. Daktari amemaliza na mama, amesema aende nyumbani. Bernadina anakusalimu kwa Kimbulu, maneno matatu, moja nadhani ni tusi.

Barua yako nilimsomea mama neno kwa neno. Baba Bernadina alikuwepo. Nilipofika kwenye baiskeli alitoka nje kidogo, akarudi akasema shemeji yake angemwandikia tu angempa na kengele. Usiliwaze tena.

Mama hakushtuka. Anasema alijua tangu ghalani. "Nilikuwa ukutani, na mizani ikalia chini ya miguu ya mtu mwingine. Macho ndiyo yalikuwa yamekufa, masikio yalikuwepo." Nikamuuliza mbona alinyamaza hata mbele ya Padre. Akasema mtoto akitamani kitu hata akaiba, humwaibishi mbele ya watu, unakaa unatafuta namna ya kumpa. Na mkono wako aliuachia upesi pale kiwanjani kwa sababu angechelewa kidogo asingeondoka. Hayo ni maneno yake, sijaongeza.

Halafu akaomba maharage. Akayapanga kwenye mkeka moja moja, sasa akiona mwenyewe na kujivuna. Fungu moja arobaini na mbili, kilo zake za kurudi. Fungu la pili ishirini na sita, zile zilizobaki kwenye daftari la Padre. Akayakusanya pamoja, akaniambia nihesabu. Ni sitini na nane, dada. Anasema kiti hicho ni chako. Hapandi ndege yeye. Atakungoja hapa, uje umchukue, mkae nasi wiki mbili, kisha mrudi kwa basi, wewe na yeye, mlale Arusha, kama ulivyotaka tangu mwanzo.

Nilikwenda jikoni nikalia. Nilitafuta ndege rahisi kuliko zote ili nami niwe na mama walau mwaka mmoja, na kumbe muda wote amekaa kwangu akikuhesabu wewe. Wivu haujaniisha. Lakini nimekwenda kwa Padre, nimebadilisha jina.

Ni Alhamisi tarehe 13 Septemba, saa tatu. Padre anataka uzito mpya, umpe kwa simu ya upepo ya parokia. Safari hii upimwe kwa jina lako.

Mdogo wako,
Fabiola


Bonga
2 Septemba 1984

Mdogo wangu Fabiola,

Marahaba, na nyote nawasalimu. Huenda nikafika kabla ya barua hii, ila nimeshindwa kukaa bila kukujibu. Ng'ombe nimewaacha kwa jirani. Ndama tumempa jina Bernadina, mwambie mwenyewe asikasirike, ni ndama mzuri. Tarehe 13 nitavaa lile gauni la kijani la harusi yako, kwa hiyo mtanijua kwa mbali. Mama mwambie aache kuulalamikia ugali wako, nakuja kuupika.

Jana nilikwenda ghalani. Konstantini alinipima mara mbili, mlango wazi, akaita watu washuhudie, maana bado ana kinyongo. Ni kilo sitini na moja. Padre nimeshamwambia. Zile saba zinazobaki nazijaza maharage na samli, na ya shemeji nimeifunga peke yake.

Ila mama usimsomee kipande hiki. Konstantini aliuliza mbele za watu kilo saba zangu zimekwenda wapi tangu Aprili. Nimemwambia mizani yake ni mbovu.

Ursula